"Namba moja wa dunia" kwenye vishale si mkanda

Tangu Desemba 2025, David Munyua, daktari wa mifugo kutoka Kenya, alipomtoa Mike De Decker wa Ubelgiji kwenye mashindano ya dunia ya vishale (darts, mchezo wa kurusha vishale ubaoni) pale Alexandra Palace, London, kuna hesabu moja inazunguka Tanga kuanzia Ngamiani mpaka Raskazone. De Decker aliingia akiwa amepangwa nafasi ya 18, Munyua kamfunga, kwa hiyo Munyua sasa ni wa 18 duniani. Juzi nimeisikia tena, safari hii kutoka kwa mtu anayeshika chaki ya kuandika alama na kuzitoa kwenye 501, alama za kuanzia mchezo, kwa kichwa bila kukosea. Huyo ndiye aliyenifanya niandike, maana hesabu anaijua.

Kiwango cha dunia kwenye vishale vya kulipwa ni jumla ya fedha za zawadi ambazo mchezaji amevuna kwenye mashindano yanayohesabiwa, ndani ya miaka 2 iliyopita. Mwenye jumla kubwa ndiye namba moja. Hakuna zaidi ya hapo. Haijalishi umemfunga nani wala kwa seti ngapi, na ukipata 180, alama za juu kabisa kwa vishale vitatu, mara ishirini kwa siku moja halafu ukatolewa, unaandikiwa fedha ya hatua uliyotolewa.

Munyua aliugeuza mchezo kutoka seti 2 kwa bila, akashinda 3 kwa 2. Kwa ushindi ule alijihakikishia pauni 25,000, ambayo ndiyo malipo ya anayeishia raundi ya pili, na kweli aliishia hapo, alipofungwa na Kevin Doets. Angekuwa amemfunga mtu asiyejulikana hata kwao, angepata pauni zilezile. De Decker naye hakuvuliwa nafasi yake akabidhiwe Munyua. Alichopoteza ni nafasi ya kuongeza fedha zaidi.

Najua kosa hili limetoka wapi, na kwa kweli siwalaumu watu wa Tanga. Sisi viwango vya dunia tumefundishwa na ngumi. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo, kijana wa hapahapa, alikwenda Birmingham akampiga Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili, na kwenye orodha ya BoxRec, tovuti inayopanga viwango vya mabondia, akapaa kwa usiku mmoja. Mji mzima ulielewa siku ile kwamba ukimpiga mkubwa, ukubwa wake unahamia kwako. Kwenye ngumi kuna ukweli ndani yake: orodha ile inapima uzito wa uliyempiga, na mkanda unatoka kiuno kimoja kwenda kingine. Vishale havina mkanda. Kuna leja, daftari la hesabu za fedha.

Mfano mzuri kuliko wote ni wa Waingereza wawili, Luke Littler na Luke Humphries, na hapa naomba msomaji asiruke mistari.

Januari 2024 Humphries alimfunga Littler kwenye fainali ya dunia, seti 7 kwa 4. Humphries akachukua pauni 500,000, Littler, mtoto wa miaka 16, akachukua 200,000. Januari 2025 Littler akarudi, akamfunga Michael van Gerwen 7 kwa 3, akawa bingwa wa dunia akiwa na miaka 17. Vibandani kwetu ikatangazwa palepale kwamba dunia imepata namba moja mpya. Haikuwa hivyo. Namba moja aliendelea kuwa Humphries, Februari, Machi, kiangazi chote cha huko kwao, mpaka Novemba 2025. Kwa miezi kumi bingwa wa dunia alikuwa mmoja na namba moja wa dunia alikuwa mwingine, na hakuna aliyedhulumiwa.

Sababu ni hiyo miaka 2. Humphries alikuwa na miaka 2 kamili ya kuvuna nyuma yake: ubingwa wa 2024, na kabla ya hapo, Oktoba na Novemba 2023, alishinda mataji makubwa matatu, World Grand Prix, Grand Slam na Players Championship Finals. Littler fedha yake kubwa ya kwanza ni ile 200,000 ya Januari 2024. Alikuwa anashindana na leja ndefu kuliko yake. Ilipofika Oktoba na Novemba 2025, zile fedha za Humphries za 2023 zikatimiza miaka 2 na kuanza kufutwa moja baada ya nyingine. Wachezaji wanaita hiyo kutetea fedha: shindano likirudi baada ya miaka 2, ulichopata kipindi kile kinaondoka, na usipovuna tena unashuka hata kama hujafungwa na mpinzani wako hata mara moja. Kwenye Grand Slam ya Wolverhampton, Novemba hiyo, Littler akapita.

Kwa hiyo mchezaji anaweza kushuka nafasi akiwa amelala nyumbani kwake. Mashabiki wengi wa huku hawapendi kabisa kusikia hilo. Wanaona kama uonevu.

Halafu si kila pauni inaandikwa. Premier League, ile ligi ya wachezaji wanane inayooneshwa Alhamisi usiku na ambayo ndiyo watu wengi wa huku wanaifuatilia, haihesabiwi. Wanne wa juu wa orodha wanaingia moja kwa moja, wengine wanaalikwa. Littler aliishinda mwaka 2024, zawadi ya bingwa pauni 275,000, na kwenye orodha hakuongezewa hata senti. Wakati huohuo kuna mashindano madogo ya ukumbini, hayana nyimbo za kuingilia wala mashabiki waliovaa kama ndizi, ambayo mwaka 2025 bingwa wake alipata pauni 15,000 na zote ziliandikwa. Mwaka huo yalichezwa 34. Ukishinda 33 kati ya hayo, bado umepungukiwa pauni 5,000 kufikia alichopata bingwa wa dunia wa Januari mwaka huo. Na Januari 2026 zawadi ya bingwa ikapandishwa hadi pauni milioni 1, akaichukua Littler tena. Orodha inaegemea sana upande wa wiki tatu za Krismasi na mwaka mpya, na sidhani ni sawa, lakini ndivyo walivyoamua wenye orodha yao.

Wenye orodha ni nani? Hapa kuna kosa la pili, na hili limetoka kwenye mpira. Mtu aliyekua akitazama Coastal Union na African Sports anajua ngazi: kuna chama cha mkoa, kuna TFF, kuna CAF, juu kabisa kuna FIFA, na FIFA ndiyo inatoa viwango. Anadhani vishale navyo viko hivyo, TADA, chama cha vishale hapa nchini, na juu yake chombo kimoja cha dunia. Si kimoja.

PDC, wanaoendesha mashindano ya Alexandra Palace na hiyo leja ya pauni, ni kampuni. Haina vyama vya nchi vinavyopiga kura kuchagua rais. Ina kadi 128 za kucheza mashindano yake mwaka mzima. Ukimaliza mwaka ndani ya 64 bora kadi yako iko salama. Nyingine, zile ambazo muda wake wa miaka 2 umekwisha, zinagombewa upya, nyingi kwenye mchujo wa Januari ambao mtu yeyote mwenye nauli anaweza kwenda kujaribu. Hata mambo ya nidhamu na upangaji matokeo yanashughulikiwa na chombo cha pembeni, DRA.

Shirikisho kwa maana tunayoijua, lenye vyama vya nchi ndani yake, ni WDF. Hao wana Kombe la Dunia lao tangu 1977, na wana orodha yao pia, lakini ya alama, si ya fedha. Mashindano yamepangwa kwa madaraja ya platinamu, dhahabu, fedha na shaba, na kila daraja lina alama zake. Wanaume, wanawake, wavulana na wasichana wana orodha tofauti. Nyota wa PDC humwoni juu ya orodha ya WDF, wala wa WDF humwoni juu ya ile ya PDC. Kitu wanachokubaliana ni ubao, na umbali wa meta 2.37 kutoka ubaoni mpaka mstari wa kurushia. (Ubao wenyewe ni katani. Mji uliojengwa kwa mkonge unasubiri London iuambie nani namba moja.)

Walitengana kwa ugomvi. Miaka ya 1970 na 1980 mchezo Uingereza uliendeshwa na BDO, chama kilichoanzishwa 1973, na bingwa wa dunia alikuwa mmoja. Televisheni zikapunguza vishale, wachezaji wakaona njaa inakuja, na 1992 wakubwa wakaanzisha baraza lao, ambalo baada ya kesi iliyomalizika 1997 likaitwa PDC. Mwaka 1994 kukawa na mabingwa wa dunia wawili: John Part wa Kanada upande wa BDO na Dennis Priestley upande wa pili. Ndiyo maana ukisikia Phil Taylor alikuwa bingwa wa dunia mara 16, ujue 2 ni za BDO na 14 ni za upande wa PDC. BDO ilikufa 2020. WDF ikaanza mashindano yake ya dunia 2022 kwenye ukumbi uleule wa zamani wa BDO, Lakeside, na bingwa wa wanaume akawa Neil Duff. Alikuwa bingwa wa dunia halali. Mwaka huohuo Peter Wright naye alikuwa bingwa wa dunia halali.

Basi, kaka yangu wa chaki, ukimtaja Munyua sema ni Mkenya wa kwanza kucheza mashindano ya dunia ya PDC na alimtoa aliyepangwa nafasi ya 18. Hiyo ni sifa ya kutosha na ni ya kweli. Na yule jamaa wa Makorora aliyeshinda bonanza la sikukuu, ambaye umemwandika juu ya ubao wa klabu "namba moja wa Tanga", futa hiyo namba uandike bingwa wa bonanza. Tafuteni daftari kwanza, muandike matokeo ya kila Jumapili, halafu mwakani tutaongea.