Nchi kuhama upande wa barabara: inalipa kweli?

Watu wakishajua mimi ni injinia wa barabara swali linakuja fasta, kwa nini nchi zote zisipite upande mmoja tu yaishe? Mi huwa nawajibu nchi isihame, labda kama magari yake yameshahama kabla ya sheria.

Angalia Sweden. Walikuwa wanapita kushoto ila magari yao karibu yote usukani uko kushoto, yaani ukitaka kuovateki lori lazima utoe gari lote nje ndo uone kinachokuja, na majirani zao Norway na Finland wanapita kulia. Kura ya 1955 wananchi asilimia 83 wakagoma, serikali ikahama tu tarehe 3 Septemba 1967 saa 11 alfajiri. Ajali zikapungua kwanza maana kila mtu anaendesha kwa woga, woga ulipoisha zikarudi kulekule. Kwa hiyo anayekwambia kuhama ni dawa ya ajali, mh.

Samoa 2009 wao walitoka kulia wakaenda kushoto ili wapate magari ya bei poa kutoka Australia na New Zealand, hiyo hesabu naielewa. Burma ndo vituko, 1970 walihamia kulia huku magari yamebaki na usukani kulia, mabasi yakawa yanashusha abiria katikati ya barabara.

Halafu watu wanawaza vibao. Vibao ni kazi ndogo! Balaa liko kwenye makutano ya haiwei. Ile njia ya kuzunguka yenye kona kali tunaipa magari yanayoingia haiwei maana bado yako taratibu, sasa geuza mwelekeo uone, kona hiyohiyo inapokea gari linalotoka haiwei na spidi yake yote. Hapo rangi na mishale havisaidii, unabomoa unajenga upya. Taa za gari nazo, ukiweka dimu mwanga haujakaa sawa pande zote, unainuka kidogo upande wa pembeni ya barabara ili uone waenda kwa miguu bila kummulika anayekuja mbele, ukihama upande bila kubadili taa kile kilichoinuka kinampiga machoni mwenzio.

Nigeria walihamia kulia 1972, Ghana 1974, wote wamezungukwa na wanaopita kulia na magari enzi hizo yalikuwa machache kuliko leo, sawa.

Ila kama shida ni jirani tu mbona kuna njia rahisi. Thailand wanapita kushoto, Laos kulia, na kwenye daraja lao la kwanza juu ya mto Mekong magari yanabadilishana upande kwa taa za barabarani, ng'ambo ya Laos. Unasubiri kijani, unavuka, safari inaendelea.