Je, wajua kwa nini kamba ya usumba haiachani, ilhali nyuzi zake hazifiki hata dhiraa?

Chukua kamba ya usumba, yaani ya nyuzi za makumbi ya nazi, ile ya kufungia mbuzi au kuvutia ndoo kisimani. Ina pima kumi, pengine zaidi. Sasa chomoa uzi mmoja ndani yake uupime. Ukibahatika kupata mrefu utafika kama sentimita 30, na nyingi hazifiki hapo. Gundi hamna, fundo hamna. Basi ni kitu gani kinachozuia zile nyuzi fupi zisichomokane pale ng'ombe anapoamua kwenda zake?

Kusokota ni kazi ya jioni. Wenzetu wa nchi za baridi, majani yanapopukutika, huketi na moto wakafuma masweta. Unguja na Pemba majani hayapukutiki kwa mpango huo, lakini kipupwe kina ubaridi wake, na baada ya isha seredani yenye makaa yaliyobakia huletwa barazani, dele la kahawa likawekwa juu yake. Hapo mikono hutafuta cha kufanya. Mmoja anasuka ukili, mwengine anachambua karafuu kutoa makonyo ikiwa msimu umefika, na mtu mzima wao ana fungu la usumba mapajani. Mdomo unazungumza na mikono inasokota, wala hakuna anayeangalia anachokifanya.

Mimi ndiye niliyekuwa nikiangalia, na bado nikakosea. Kwa miaka mingi niliamini kwamba ndani ya kila kamba mna uzi mmoja mrefu, uzi mama, unaopita kutoka ncha hadi ncha kama utambi wa taa, na kwamba hivi vifupi vimeviringishwa juu yake kuuhifadhi. Nilikuwa na hakika kiasi cha kumweleza bibi yangu, mtu aliyesokota kamba tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Hakubisha. Aliuliza tu: "Uzi wa pima kumi watoka kumbi gani, mjukuu wangu?" Nikanyamaza, maana nazi kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona haikuzidi kichwa changu.

Kosa hilo lilipokufa nikahamia la pili, ambalo nadhani lina wafuasi wengi hadi leo: kwamba pwani ndiyo inayotia gundi. Ukienda Bwejuu au Jambiani maji yakitoka, utaona mahali makumbi yalipofukiwa kwenye mchanga na matope, yakawekewa mawe juu yasichukuliwe na bahari. Hukaa humo miezi kadhaa. Yakifukuliwa yana weusi na utelezi, na harufu yake ukishaisikia mara moja huisahau. Ni rahisi kudhani utelezi ule ndio ulimbo, au kwamba chumvi imeingia ndani ikakaza nyuzi.

Ukweli ni kinyume kabisa. Kumbi bichi ndilo lenye gundi. Nyuzi zake zimeshikamanishwa na nyama laini yenye pektini, jamaa ya kile kinachogandisha jamu ya matunda. Kule shimoni bakteria wanaila pektini hiyo. Nyuzi zenyewe hawaziwezi kwa urahisi, kwa sababu zina lignini nyingi, kitu kile kile kinachoufanya mti uwe mti. Kwa hiyo mwanamke anayefukia makumbi, akayafukua, akayapiga kwa gogo na kuyaosha, anafanya bidii ya miezi kuiondoa gundi yote. Anachotaka abakiwe na nyuzi zisizoshikana na chochote. Kisha anakaa kitako kuzishikanisha upya. Mpaka leo jambo hili hunichekesha kidogo.

Kulikuwa na kosa la tatu, dogo: labda nyuzi zinakwaruza, zinanasana kama mbegu zile zinazong'ang'ania nguo. Hapa nilikuwa na robo ya haki, kwani usumba kweli unakwaruza, muulize aliyelalia kitanda cha kamba bila mkeka. Lakini shika fungu la usumba usiosokotwa, mkono huu na mkono ule, uvute. Linaachana bila hata sauti. Ukwaruzaji peke yake haushiki kitu.

Kinachokosekana ni mbano. Msuguano kati ya vitu viwili hutegemea mambo mawili: jinsi vinavyokwaruzana na jinsi vinavyobanwa pamoja. Telezesha kiganja juu ya meza kwa wepesi, kinapita. Kikandamize, kinagoma. Meza ni ile ile, kiganja ni kile kile, kilichozidi ni mbano tu. Sasa swali la kamba linageuka: nani anazibana zile nyuzi, na zimo peke yake katikati ya hewa?

Anayezibana ni yule anayevuta. Huu ndio ufundi wote, nao unastahili kuangaliwa polepole.

Uzi uliosokotwa haukai wima ndani ya kamba. Unapanda kwa kuzunguka, kama ngazi za mnara wa msikiti. Ukiuvuta, unataka kunyooka. Lakini ili unyooke lazima uingie katikati, na katikati mmejaa nyuzi nyengine zenye nia hiyo hiyo. Kila mmoja anasukuma ndani, hakuna nafasi, wote wanabanana. Kadiri unavyovuta ndivyo kila uzi unavyotaka kunyooka zaidi, ndivyo mbano unavyozidi, ndivyo msuguano unavyoongezeka. Nguvu iliyokusudiwa kuzitenganisha nyuzi ndiyo inayozifunga.

Aliyewahi kukamua kanga iliyolowa anajua jambo hili kwa mikono yake. Ukiishika ncha mbili ukaisokota, maji yanatoka, na hakuna aliyeifinya katikati. Msokoto wenyewe ndio uliofinya. Kwenye kamba, badala ya maji kutoka, nyuzi zinakosa pa kwenda.

Mfano mwengine wafaa kwa watoto wa skuli. Chukua madaftari mawili, uyapandanishe kurasa moja juu ya moja, ya huku, ya kule, mpaka yaishe. Kisha mpe kila mtu daftari lake wavute. Hawayatoi. Kurasa zinazopandana zimeinama kidogo kuelekea katikati, kwa hiyo mvuto unageuka mbano, na kila ukurasa unaongezea mbano wa wenzake. Kundi la wanafizikia wa Ufaransa na Kanada walilipima jambo hili na kulichapisha mwaka 2016, wakaonyesha kwamba idadi ya kurasa ikiongezeka kidogo, nguvu inayohitajika hupanda kwa kasi isiyotarajiwa. Watu wazima wenye maabara wakivutana madaftari, na nani atawalaumu?

Swali letu la barazani lilishaulizwa na mkubwa zaidi. Galileo, mwanasayansi wa Italia, katika kitabu kilichochapwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1638, alimfanya mhusika wake mmoja aulize vipi kamba ya dhiraa mia inashika na nyuzi zake hazizidi dhiraa mbili tatu. Jibu alilompa mwenziwe ni hili la msokoto: nyuzi zinabanwa mpaka zinakatika kabla ya kuchomoka. Akaleta na mfano wa kamba iliyozungushwa kwenye gogo. Baharia yeyote wa Mkokotoni anaujua huo: mizunguko mitatu kwenye nguzo, na mtu mmoja anaizuia jahazi kwa mkono huku anavuta sigara.

Hapa yafaa kupunguza mwendo. Kwamba msokoto unabana, hilo halina ubishi. Ila namna hasa mvuto unavyorithiwa kutoka uzi hadi uzi katika rundo la nyuzi mia zilizolala ovyo ni hesabu ngumu, na mwaka 2018 wanasayansi wa Uingereza walikuwa bado wanaichapishia makala. Walionyesha kwamba kuna kizingiti: nyuzi zikigusana kidogo mno, uzi unateleza na kuachana, na zikipita kiasi fulani cha kugusana, zote zinageuka kitu kimoja, na kilichobaki ni kukatika. Hesabu yao ilikuwa ya nyuzi za kufikirika, nyembamba na laini. Usumba ni mnene na mkakamavu, kwa hiyo wazo tunaweza kuliazima, tarakimu tuziache huko huko.

Limebaki jambo moja lililonisumbua. Ukisokota kitu ukakiachia, kinajisokotoa. Mbona kamba haijisokotoi? Hapa ilinibidi nimwangalie bibi mikono, si kamba. Alikuwa ameishikiza ncha kwa kidole gumba cha mguu. Viganjani ana mafungu mawili ya usumba, si moja. Kiganja cha kulia kinapita juu ya cha kushoto, na kila fungu linajizungusha peke yake kwa upande mmoja. Kisha anayaachia yakutane, nayo yanazungukana kwa upande wa pili. Hakuna aliyeyalazimisha. Kila fungu linataka kurudi lilikotoka, na katika kurudi linamzunguka mwenziwe. Yakishazungukana yamekwama, kwa sababu fungu likijisokotoa linaikaza kamba, na kamba ikijisokotoa inalikaza fungu. Ni kama watu wawili wanaosukumana mlangoni, mmoja ndani, mmoja nje. Mlango unatulia, si kwa sababu hakuna anayesukuma.

Pale panapokaribia kwisha fungu, anachomeka usumba mwengine kidogo, anaupandanisha na mkia wa ule wa kwanza, anaendelea. Hakuna kufunga. Ndipo siri ya pima kumi: kamba haina mwisho wake wa asili, mwisho wake ni pale mtu aliposikia usingizi.

Wala si kwamba msokoto ukizidi ndio bora. Kamba iliyosokotwa kupita kiasi inakuwa ngumu, inajikunja vifundo, na inadhoofika, maana nyuzi zimelala mshazari mno na sehemu kubwa ya nguvu inapotea kwenye kubanana badala ya kubeba. Iliyolegea inachomoka. Katikati pana kiasi chake, na wasokotaji wanakipima kwa kiganja.

Kiasi hicho kilibeba mambo makubwa kuliko mbuzi. Mitepe, vyombo vya baharini vya zamani vya pwani hii, haikupigwa misumari. Mbao zake zilitobolewa zikashonwa kwa kamba za usumba. Maandishi ya Kigiriki ya karne ya 1 yanataja bandari ya Rhapta katika mwambao wetu, na yanasema imeitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vyake vya kushona. Uzi usiofika dhiraa ulivuka bahari.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, huhitaji seredani wala kipupwe. Chomoa nyuzi ishirini kwenye zulia la usumba la kufutia miguu lililochakaa, uzipange zipishane, uzigawe mafungu mawili, uzisokote kama nilivyoeleza, uvute kwa nguvu zako zote. Halafu isokotoe nyuma, uvute tena kwa vidole viwili.

Kamba yangu ya kwanza ilitoka na urefu wa dhiraa moja na nusu, nyembamba huku, nene kule, kama nyoka aliyemeza panya watatu kwa siku tofauti. Bibi aliigeuza mara mbili kwenye mwanga wa makaa, akasema, "Yafaa." Kesho yake niliikuta imefunga mlango wa banda la kuku.