Mshuko wa volti: kwa nini king'ora hukoroma ilhali mita inasoma 12

Mshuko wa volti ni zile volti zinazopotea njiani, ndani ya waya na kwenye maungio, kabla umeme haujafika kwenye kifaa kinachouhitaji. Kila waya una ukinzani wake, kwa hiyo kila waya hula volti kidogo. Taabu huanza pale kiungo kimoja kilichoshika kutu kinapokula nyingi kuliko waya wote uliobaki.

Dhana hii niliielewa kwa gharama. King'ora cha alamu ya gari langu kilikuwa kikikoroma kama mtu mwenye mafua badala ya kulia. Nilichomoa plagi yake, alamu ikiwa imeamshwa, nikagusisha mita kwenye ncha mbili za plagi, ikasoma volti 12.5. Nikaamua kwamba umeme upo na king'ora ndicho kibovu. Nilinunua kipya, nacho kikakoroma vilevile.

Kosa langu lilikuwa kupima waya usiobeba mzigo. Volti zinazopotea ni mkondo mara ukinzani: kiungo chenye ohm 4, kikipitiwa na ampea 1 ya king'ora, hupoteza volti 4, na king'ora kinabaki na 8 na kitu. Mita yenyewe haivuti mkondo wa kutajika, hivyo kiungo hicho hicho hakipotezi chochote na volti zote huonekana zimefika salama. Ndiyo sababu naiheshimu testa ya balbu ya mafundi wa zamani: balbu huvuta mkondo, na kiungo kikiwa kibaya hufifia. Fyuzi nayo haisaidii kugundua, kwa kuwa fyuzi huungua mkondo unapozidi, kama kwenye shoti, ilhali kiungo chenye kutu huupunguza.

Kipimo sahihi hufanyika plagi ikiwa imerudishwa na king'ora kikilia (masikio yazibwe). Ncha nyeusi ya mita huwekwa kwenye hasi ya betri, na nyekundu kwenye waya mweusi pale unapoingia kwenye king'ora. Ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya betri kupitia bodi ya gari, ikiwa haina kasoro husoma sehemu ndogo tu ya volti, takriban 0.2 au chini ya hapo. Yangu ilisoma 4.1. Waya ulikuwa umefungwa kwa skrubu juu ya rangi ya bodi, na chini ya washa palikuwa na unga wa kutu. Nilikwangua kwa msasa hadi bati likang'aa, nikafunga tena na kupaka grisi. Upande wa chanya hupimwa kwa namna hiyo hiyo, kutoka chanya ya betri hadi waya unaokilisha king'ora.

King'ora chenye betri yake ya ndani hudanganya zaidi. Kimetengenezwa kulia umeme wa gari unapokatwa, kwa hiyo ethi inayolegea inaweza kukiliza usiku wa manane bila mwizi yeyote, na lawama zikaenda kwa rimoti.