Chambo Laini cha Kutengeneza Nyumbani: Yanayosemwa na Yalivyo

Plastisoli, kile kimiminika cheupe kama maziwa, ndiyo malighafi ya vyambo vingi laini vyenye umbo la mnyoo au samaki mdogo. Ndani yake mna chembe za PVC zinazoelea kwenye kilainishi cha mafuta. Ikipata moto, chembe hunywa kile kilainishi, mchanganyiko huganda kama uji mzito, kisha hulegea tena na kuwa angavu. Ikipoa, inabaki laini na yenye kuvutika. Makosa mengi huanza pale mtu anapoichukulia kama nta ya mshumaa.

"Ikishalegea, imina."

Hapana, ngoja iive. Kuiva ni kati ya nyuzi 165 na 175 za Selsiasi. Ukimimina ikiwa kwenye 150, chambo kinatoka na ukungu mweupe na kinameguka ukikivuta, hata kama kalibu imejaa vizuri. Ukivuka 190, inaanza kuwa ya manjano, halafu kahawia, na hapo haina dawa. Jicho linasaidia, lakini kipimajoto ndicho mwamuzi. Kile cha infraredi, kinachopima kwa mbali bila kugusa, husoma uso tu, kwa hiyo koroga kwanza ndipo upime.

Kwa maikrowevu, weka mililita 120 kwenye jagi la kioo linalostahimili joto. Pasha dakika moja na nusu, koroga polepole huku kijiti kikigusa chini, kisha endelea kwa vipindi vya sekunde 30, ukikoroga na kupima kila mara. Ukipasha dakika nne mfululizo, katikati itaungua huku pembeni bado ni uji. Maikrowevu hiyo na jagi hilo visirudi tena kwenye chakula.

"Moshi kidogo ni kawaida, barakoa inatosha."

Barakoa ya vumbi haizuii mvuke hata kidogo. Inayofaa ni ile ya vichujio vya mvuke wa kemikali na gesi za asidi, pamoja na feni inayosukuma hewa nje. PVC ikiungua hutoa haidrojeni kloridi, gesi inayochoma macho na koo na kushikisha kutu vyuma vilivyo karibu. Ukiona inafuka moshi, zima moto, ipeleke nje na uiache ipoe. Usimwagie maji.

"Tone moja la maji lina nini?"

Lina hatari kuliko mambo yote katika kazi hii. Maji yakigeuka mvuke huvimba zaidi ya mara 1,600, na tone likizama kwenye plastiki ya nyuzi 170 hurusha matone yanayonata kwenye ngozi. Ndiyo maana mikono mirefu, glavu za ngozi, miwani na viatu vya kufunika havina mjadala. Plastiki ikikupata, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usiibandue kwa nguvu, kwa maana itaondoka na ngozi.

Unyevu huu mara nyingi hujificha kwenye kalibu za plasta, yaani unga wa jasi unaogandishwa kwa maji. Plasta ikishaganda, wengi hudhani imekauka. Ipime kwenye mizani kila siku: uzito ukiacha kushuka, maji yamekwisha. Kisha ipake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, tabaka tatu nyembamba, kila moja ikauke kabisa. Epoksi hudumu zaidi. Usipoziba vitundu vya plasta, plastiki hunata na hewa ya ndani hutoka kama viputo. Manukato ya maji nayo yasiingie kwenye jagi la moto. Tumia ya mafuta, mwishoni kabisa.

"Viputo ni dalili ya plastisoli mbovu."

Kwa kawaida ni dalili ya haraka. Chembe za PVC hutuama chini ya chupa, kwa hiyo lazima uitikise, la sivyo juu utamimina kilainishi kitupu na chini utabaki na tope gumu. Lakini kutikisa huingiza hewa. Tikisa, kisha iache itulie saa kadhaa kabla ya kupasha. Wakati wa kumimina, toa uzi mwembamba kutoka sehemu moja, plastiki isukume hewa mbele yake.

Kishimo kinachotokea mgongoni mwa chambo ni jambo jingine: plastiki husinyaa ikipoa. Ongeza kidogo ikiwa bado ya moto. Kama unatumia bomba la kusukumia plastiki ndani ya kalibu (kama la sindano), endelea kukandamiza kwa sekunde kadhaa baada ya kalibu kujaa.

"Chumvi ni kwa ajili ya ladha tu."

Kazi yake kubwa ni uzito. Chumvi kavu iliyosagwa laini, kijiko kimoja cha chakula kwa mililita 100 za plastiki iliyokwisha kuiva, huharakisha kuzama. Gharama yake ni kwamba chambo kinapoteza uangavu na kuchanika upesi kwenye ndoana. Ukitaka mkia unaocheza hata kwenye mwendo wa polepole, acha chumvi na uongeze kilainishi mililita 5 hadi 10 kwa kila 100. Rangi nayo ni ya matone: anza na mawili au matatu.

"Plastiki yoyote laini inaweza kuyeyushwa."

Vyambo vya PVC vilivyochanika ndiyo, vikioshwa na kukaushwa kabisa, ingawa kila kupashwa upya huongeza umanjano. Rangi nyeusi huuficha vizuri. Vyambo vile vinavyovutika kama mpira wa manati ni vya plastiki ya jamii nyingine na havichanganyiki na PVC. Mifuko ni polithini. Mabomba ya maji ni PVC kweli, ila hayana kilainishi, na ukiyachoma utapata gesi ileile ya asidi.

Kutenga huko kuendelee hadi kwenye kuhifadhi: vyambo vya PVC na vile vinavyovutika kama mpira vikigusana hulainishana hadi kuwa utelezi. Hata vyambo vya PVC vitupu huambukizana rangi, na kilainishi chao hula masanduku ya polistairini. Vitenge kwa rangi, kwenye mifuko ya polithini, vikiwa vimenyooka. Kilichojikunja huchovywa kwenye maji ya moto, kisha hulazwa bapa hadi kipoe.