Kabla ya Dawa, Maswali: Magonjwa ya Akili Yanavyotambuliwa na Kutibiwa

Wengi wanaofika kliniki ya afya ya akili kwa mara ya kwanza hutarajia kupimwa: watolewe damu, wapigwe picha ya kichwa, kisha majibu yatoke na jina la ugonjwa. Wanapomkuta daktari anauliza maswali tu, tena mengine ya usingizi na mambo ya nyumbani, huondoka na shaka kwamba hawajahudumiwa. Lakini hadi leo hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha sonona (huzuni nzito isiyoisha), bipola (hisia kupanda na kushuka kupita kiasi) au skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyo kweli). Vipimo huagizwa, na mara nyingi ni vya lazima, ila kazi yake ni nyingine: kuhakikisha kwamba kinachofanana na ugonjwa wa akili si ugonjwa wa mwili uliojificha.

Na magonjwa ya mwili yanayojificha hivyo ni mengi. Tezi ya thairoidi, iliyo shingoni, ikizembea, mtu huwa mzito, huchoka, hunenepa na kukosa hamu ya mambo, na ukimsikiliza juujuu utasema ana sonona. Tezi hiyohiyo ikizidisha kazi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka na usingizi hupotea, na utasema ni wasiwasi. Upungufu wa damu, ukosefu wa vitamini B12, kaswende iliyofika kwenye ubongo, virusi vya UKIMWI, sukari iliyoshuka na baadhi ya aina za kifafa, vyote vinaweza kubadili hisia na mwenendo. Dawa nazo zimo. Prednisoloni, dawa ya kupunguza uvimbe na mzio, kwa dozi kubwa inaweza kumfanya mtu achangamke kupita kiasi au aone yasiyokuwepo. Efavirenzi, dawa ya virusi vya UKIMWI, huleta ndoto kali na wakati mwingine huzuni. Meflokwini ya malaria inajulikana kwa kuvuruga akili za baadhi ya watumiaji. Ndiyo maana mgonjwa anapaswa kufika na dawa zake zote mkononi, za hospitali na za kienyeji, na kusema ukweli kuhusu pombe na bangi. Daktari anahitaji kujua kiasi na tarehe ya mwisho ya kutumia, kwa sababu mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka na akaacha ghafla anaweza kuanza kuweweseka na kuona vitu ndani ya siku 2 hadi 4. Hali hiyo inaweza kuua, na haitibiwi kama skizofrenia.

Hapa kuna jambo ambalo familia inapaswa kulijua kuliko yote. Mtu akivurugikiwa akili kwa saa au siku chache tu, asijue yuko wapi wala ni siku gani, akawa anazinduka kisha anazama tena, asubuhi afadhali na usiku vibaya, mchukulieni kuwa ni mgonjwa wa mwili hadi ithibitike vinginevyo. Homa, maambukizi ya ubongo, sukari, figo, pigo la kichwa: hayo ndiyo ya kutafutwa kwanza, na yanatafutwa kwenye idara ya dharura. Mwenye saikosisi ya kawaida, yaani aliyepoteza mguso na uhalisia, huweza kusikia sauti na kuamini kwamba anafuatiliwa, lakini kwa kawaida anajua yuko wapi na leo ni siku gani.

Yakishaondolewa hayo, yanabaki maswali, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Daktari anataka kujua dalili zilianza lini, zimekuja kwa mfuatano gani, na zimemzuia mtu kufanya nini. Muda una uzito mkubwa. Sonona huhesabiwa pale dalili zinapokuwapo karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki 2 au zaidi. Dalili moja lazima iwe huzuni au kupotewa na hamu ya mambo yaliyokuwa yakimpendeza, ikiandamana na nyingine hadi zifike 5: usingizi, hamu ya kula, uchovu, umakini, kujilaumu, kutotulia au kuwa mzito wa mwendo, kukata tamaa, kuwaza kifo. Mania kamili, yaani kipindi cha kuchangamka na kuwa na nguvu kupita kiasi, hudumu wiki nzima au zaidi, isipokuwa matibabu yakiikatisha. Dalili za skizofrenia zinatakiwa ziwe zimedumu angalau mwezi 1 kwa mwongozo wa ICD-11 wa Shirika la Afya Duniani, ulioanza kutumika mwaka 2022. Mwongozo wa Wamarekani, DSM-5, unataka dalili za ugonjwa zionekane kwa miezi 6. Mgonjwa mmoja anaweza kupewa majina mawili na madaktari wawili kwa sababu hiyo, bila yeyote kati yao kukosea. Jina la kwanza kwenye faili lichukuliwe kama jina la kazi, linaloweza kubadilika ugonjwa unapojionyesha.

Swali linalosahaulika mno, na ambalo kulisahau kunagharimu, ni hili: je, umewahi kuwa na siku kadhaa mfululizo ukiwa na nguvu kuliko kawaida yako, ukilala kidogo na usichoke? Chukueni watu wawili, kila mmoja analala kwa muda wa saa tatu tu. Wa kwanza anagaagaa kitandani, anaamka amechoka, anatamani usingizi. Wa pili hautamani kabisa. Anaamka alfajiri akiwa na mipango mitano, anazungumza haraka, anatumia pesa ovyo, anakasirika akizuiwa. Wa kwanza huenda ana sonona au wasiwasi. Wa pili yuko kwenye mania, au anaelekea huko. Tatizo ni kwamba mwenye bipola huja kliniki akiwa chini, si akiwa juu, na zile siku za juu yeye mwenyewe hazihesabu kuwa ugonjwa, alijisikia vizuri. Ndugu au mwenzi ndiye anayezikumbuka. Akipewa dawa ya sonona peke yake, inaweza kumrusha kwenye mania. Kwa hiyo sisi wa kliniki tunapomwomba mgonjwa ruhusa ya kuzungumza na mtu wa karibu yake, hatutafuti umbea.

Dodoso husaidia, lakini lijulikane mipaka yake. Lile la sonona liitwalo PHQ-9 lina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila moja likipewa alama 0 hadi 3, jumla 27. Alama 10 na kuendelea humaanisha mtu achunguzwe zaidi, na 20 na kuendelea ni dalili kali. Haimaanishi ana sonona. Mgonjwa wa kifua kikuu au mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita atajikusanyia alama za uchovu, usingizi na chakula bila kuwa na sonona yoyote. Vilevile yupo anayepata 8 na ni mgonjwa kwelikweli, kwa kuwa ameona aibu kujibu swali la tisa, la mawazo ya kufa au kujidhuru. Swali hilo lazima liulizwe kwa mdomo, waziwazi: umewahi kufikiria kujiua, umepanga namna, una kifaa au dawa za kufanyia? Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na dawa, sumu za kilimo na silaha ziondolewe pale alipo siku hiyohiyo.

Sasa matibabu. Sonona nyepesi na magonjwa mengi ya wasiwasi yanaweza kutibiwa kwa tiba ya mazungumzo bila kidonge chochote. Neno mazungumzo linawapotosha watu wakadhani ni kupewa ushauri na kufarijiwa. Tiba ya mwenendo na fikra huwa na vikao vilivyopangwa, aghalabu 8 hadi 16, na kazi ya kufanya nyumbani kati ya kikao na kikao. Kwenye sonona, hatua ya mwanzo huwa ndogo kiasi cha kuonekana ya kitoto: mgonjwa anaandika alichofanya kila saa kwa wiki moja na kukipa alama 0 hadi 10 ya furaha na ya kuona amefanikisha kitu. Kisha wanachagua pamoja shughuli moja, kwa mfano kutembea dakika 10 saa moja asubuhi, Jumatatu na Alhamisi, na anaifanya awe ana hamu au hana. Asisubiri hamu. Katika sonona hamu hufuata tendo, na anayengoja ajisikie vizuri ndipo aanze hukaa sana. Kinachoharibu tiba hii mara nyingi ni kupanga makubwa mno. Aliyeshindwa kuoga kwa siku tatu haagizwi kukimbia kilomita tano.

Sonona ya wastani na kali huhitaji dawa mara nyingi, au dawa na mazungumzo pamoja. Fluoksetini huanza kwa miligramu 20 asubuhi baada ya chakula. Sertralini kwa 50. Amitriptilini huanzwa kwa 25 usiku na kupandishwa taratibu. Ni dawa ya zamani inayofanya kazi, lakini ikimezwa kwa wingi inaweza kusimamisha moyo, hivyo mwenye mawazo ya kujiua hapewi akiba ya mwezi mzima. Maudhi huja kabla ya faida, na hapa wengi hukata tamaa. Siku za kwanza kuna kichefuchefu, kichwa kuuma, pengine wasiwasi kuongezeka; nafuu huanza wiki ya 2 hadi ya 4, na hukumu kwamba dawa imeshindwa haitolewi kabla ya wiki 4 hadi 6 za dozi ya kutosha inayomezwa kila siku. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu wiki hizo za mwanzo, kwani mawazo ya kujiua yanaweza kuongezeka. Dawa ikionekana haifanyi kazi, jambo la kwanza kukagua ni kama inamezwa kweli, la pili dozi, la tatu pombe. Kubadilisha dawa kuje baadaye.

Diazepamu haimo kwenye orodha hii. Inatuliza usiku huohuo, ndiyo maana inapendwa, lakini haitibu sonona, na ikitumika kila siku kupita wiki 2 hadi 4 mwili huizoea na kuidai.

Kwa bipola, lithiamu bado ni dawa ya kuheshimiwa tangu John Cade wa Australia aliporipoti matumizi yake mwaka 1949. Shida yake ni kwamba kiasi kinachotibu na kinachodhuru vimekaribiana. Kiwango kinachotakiwa kwenye damu kwa wengi ni 0.6 hadi 1.0 mmol kwa lita, kikipita 1.5 sumu huanza kuonekana: kutetemeka sana, kutapika, kuharisha, kuyumba, kuchanganyikiwa. Damu hutolewa saa 12 baada ya dozi ya mwisho. Aliyemeza saa mbili usiku atolewe damu saa mbili asubuhi, kabla ya kumeza kidonge cha asubuhi. Mgonjwa anapomeza kwanza ndipo aje maabara, kipimo hutoka juu, daktari anapunguza dozi isivyostahili, na mwezi unaofuata mania imerudi. Figo, thairoidi na kalsiamu hupimwa kabla ya kuanza, kisha kila baada ya miezi 6. Kuharisha, kutokwa jasho jingi bila kunywa maji, kuacha chumvi ghafla, na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, vyote hupandisha lithiamu mwilini. Mwambieni muuzaji wa duka la dawa kabla hajawapa chochote cha mgongo. Sodiamu valproeti, mbadala wake, isitolewe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba palipo na njia nyingine, kwa sababu huharibu maumbile na ukuaji wa akili wa mtoto aliye tumboni.

Dawa za saikosisi, kama haloperidoli, risperidoni na olanzapini, hupunguza sauti na hofu, mara nyingine ndani ya siku chache, ingawa faida kamili huchukua wiki kadhaa. Maudhi mawili yanastahili kutambuliwa na kila anayemuuguza mgonjwa. La kwanza ni kukakamaa kwa misuli saa au siku chache baada ya dozi ya mwanzo: shingo inapinda, macho yanaangalia juu, ulimi unajitokeza nje ya mdomo au taya inakwama. Inatisha, ila sindano ya biperideni au promethazini huiondoa kwa dakika, na baadaye vidonge vya triheksifenidili huizuia. La pili ni kutotulia. Mtu hawezi kukaa, anabadilisha miguu, anatembea huku na huko. Wengi husema ugonjwa umezidi, dozi inaongezwa, na hali inakuwa mbaya zaidi, kwa kuwa dawa yenyewe ndiyo chanzo. Mkiwa na shaka, mwulizeni: kinachokusumbua kipo kichwani au miguuni? Homa kali pamoja na mwili kuwa mgumu kama ubao ni jambo jingine kabisa. Simamisheni dawa, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo.

Anayesahau vidonge anaweza kupewa sindano ya muda mrefu, kama flufenazini kila wiki 2 hadi 4, na haipaswi kutumiwa kama adhabu. Aliyeshindwa na dawa mbili kwa dozi na muda wa kutosha afikiriwe klozapini, ambayo inadai hesabu ya chembe nyeupe za damu kila wiki kwa wiki 18 za mwanzo.

Suala la kuacha dawa huulizwa siku ya kwanza, na ni haki. Baada ya sonona ya mara ya kwanza, dawa huendelea kwa miezi 9 hadi 12 tangu dalili zilipokwisha, si tangu ilipoanzwa. Baada ya saikosisi ya kwanza, angalau mwaka 1 wa kuwa mzima. Lithiamu ni miaka, na kuiacha ghafla ndiyo njia ya haraka ya kurudisha mania. Kupunguza hufanywa kwa wiki kadhaa chini ya uangalizi, wakati ambapo hakuna mtihani, msiba wala kuhama nyumba, na mtu wa karibu akiwa na karatasi yenye dalili tatu au nne zilizotangulia ugonjwa mara iliyopita. Kwa walio wengi ya kwanza kwenye orodha hiyo ni usingizi. Usiku wa pili wa kukesha bila sababu, wapigie simu kliniki asubuhi yake, usisubiri tarehe ya miadi.