Kabla Dawa Haijapita Kwenye Poti Yako

Anayetarajia kuwekewa poti, kikasha cha chini ya ngozi cha kupitishia dawa mshipani, huuliza kwanza kama itauma, kisha kama itaonekana juu ya nguo. Ana haki ya kuuliza, na majibu nitayatoa. Ila mimi ni muuguzi wa saratani na kuchoma poti ndiyo kazi yangu ya kila siku, na ningependa kila mwenye nayo ajue mambo mawili kabla ya yote: poti yake ni ya aina gani, na kwamba dawa ya saratani haipitishwi humo kabla damu haijaonekana ikirudi.

Poti ni kikasha kidogo cha titani au plastiki ngumu, hupandikizwa chini ya ngozi, mara nyingi kifuani chini kidogo ya mtulinga. Juu kina kifuniko kinene cha silikoni. Ubavuni unatoka mrija laini unaoingia mshipani, aghalabu ule wa shingoni, na kushuka hadi karibu na moyo. Hapo damu ni nyingi na inakwenda kasi, kwa hiyo dawa kali huchanganyika mara moja. Dawa za saratani kama doksorubisini au vinkristini zikivuja kutoka kwenye mshipa mwembamba wa mkononi zinaweza kuunguza nyama hadi ikafa. Watu hudhani poti ni ya kuwaepusha na kuchomwachomwa tu. Kwangu mimi, kuilinda mikono yao dhidi ya dawa hizo ni sababu kubwa zaidi.

Sindano yake ni ya pekee: ncha imetengenezwa ipenye silikoni bila kuimega, ili tundu lijifunge ikitolewa. Sindano ya kawaida ya kutolea damu hukata vipande, na kifuniko huishia kuvuja. Mtu akikujia na hiyo, mzuie.

Nikishachoma, navuta bomba taratibu na kungoja damu ipande kwenye mrija wa sindano. Maji ya chumvi kuingia bila kukwama hayanitoshi. Mara nyingine utando wa protini hujijenga kwenye ncha ya mrija: ukisukuma maji, unafunguka na kuyapisha, ukivuta, unaziba mdomo. Wakati mwingine sindano haijafika chini, au mrija umepasuka na maji yanaishia kwenye nyama. Kwa hiyo namwomba mgonjwa ageuze kichwa, ainue mkono, akohoe, avute pumzi ndefu. Mara nyingi damu inakuja. Isipokuja, kuna dawa ya kuyeyusha kilichoganda, na kuna kipimo cha eksirei cha kufuatilia njia ya mrija. Kemo, yaani dawa ya saratani, inasubiri. Najua inavyouma kuambiwa hivyo mtu akiwa amejiandaa kwa siku ile, lakini hapo sitalegeza.

Upande wa vipimo ndipo kadi ya poti inapohitajika, ile uliyopewa siku ya upasuaji, inayoonyesha ni ya aina gani. Kwenye CT scan, kipimo cha picha za eksirei za kompyuta, mashine husukuma kontrasti, dawa ya kufanya picha ionekane vizuri, kwa nguvu, hata mililita 5 kwa sekunde. Zipo poti zilizotengenezwa kuhimili shinikizo hilo, na zipo zisizohimili. Katika hizo mrija unaweza kupasuka au kuchomoka, na kipande kikasafiri na damu hadi moyoni. Baadhi ya poti imara zina vinundu vya kupapasa juu yake au herufi CT zinazoonekana kwenye eksirei, lakini mimi siamini vidole peke yake. Nataka kadi au rekodi. Sindano nayo lazima iwe ya kuhimili shinikizo hilo. Pasipo uhakika, kontrasti ipitie mkononi.

MRI, kipimo cha picha kwa sumaku, haizuiwi na poti nyingi, hata za titani. Waambie tu unayo na uwape kadi, maana inaweza kuacha kivuli kwenye picha. Kwa PET, kipimo cha picha kinachotumia dawa yenye mionzi, wengi hupendelea kuchoma mkononi, kwa sababu mabaki ya dawa hiyo ndani ya poti yanaweza kung'aa kwenye picha na kuwachanganya wasomaji. Kabla ya mamografia, eksirei ya matiti, pia taja.

Sasa yale maswali ya mwanzo. Kuchomwa kunauma kidogo. Krimu ya ganzi ikipakwa mapema, kati ya dakika 30 na 60, husaidia sana. Kwa mtu mwembamba uvimbe mdogo huonekana. Kidonda kikishapona na sindano haipo, unaoga, unalala, hata unaogelea. Mkanda wa gari ukikusugua, weka kitambaa laini. Usiichezeechezee kwa vidole, inaweza kugeuka. Ukihisi ladha ya chumvi mdomoni tunapoisafisha kwa maji ya chumvi, ni kawaida.

Isipotumika, bado inasafishwa. Desturi ya muda mrefu ni kila wiki 4, ingawa siku hizi vituo vingine husogeza hadi wiki 12. Fuata ratiba ya kituo chako.

Homa ya nyuzi 38 au zaidi, au baridi na kutetemeka baada ya poti kusafishwa, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Vivyo hivyo mkono, shingo au uso ukivimba upande wa poti. Na dawa ikiwa inaingia, ukahisi kuungua au kubanwa kifuani, mwite muuguzi papo hapo. Usingoje chupa iishe kwa kuogopa kumsumbua.