Faragha ya Msafiri: Maana Yake Unapokaguliwa Uwanja wa Ndege

Faragha ya msafiri ni haki ya mtu kubaki na usemi juu ya mwili wake, mizigo yake na habari zake, hata pale anapokubali kukaguliwa kwa ajili ya usalama. Anayepanda ndege amekwisha kukubali kukaguliwa, akikataa, hapandi. Lakini alichokubali kina mipaka. Amekubali atafutiwe silaha, vilipuzi na vitu vya hatari. Hajakubali dawa zake zitajwe kwa sauti mbele ya foleni, wala picha za simu yake ziangaliwe, wala kuguswa na mtu asiyefaa kumgusa.

Mombasa jambo hili halina ugeni. Ukienda Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, ukaguzi huanza kwenye lango la magari. Mlangoni mwa jengo mizigo inapita kwenye eksirei, na ukishapata pasi ya kupandia ndege unakaguliwa tena, safari hii viatu, mshipi na saa vikiwa kwenye trei. Ukienda stesheni ya reli mpya, SGR, kule Miritini, mizigo hupangwa chini kwa mstari, abiria wakarudi nyuma, mbwa wakapita wakiinusa. Na tangu magaidi waliposhambulia jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, hata kuingia dukani au hotelini ni kupitishiwa kile kifimbo cha kutafutia chuma. Kwa hiyo watu wa hapa hawaulizi sana kwa nini wanasachiwa. Wanauliza wanasachiwa vipi, na nani, na mbele ya macho ya nani. Maswali hayo matatu ndiyo dhana yenyewe.

Kanuni za msingi hutoka Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO. Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago, kilichopitishwa mwaka 1974 baada ya miaka mingi ya utekaji nyara wa ndege, kinazitaka nchi wanachama zihakikishe abiria wanakaguliwa, wao na mizigo yao ya mkononi, kabla ya kupanda. Mengine yameongezwa na matukio. Unavua viatu kwa sababu Desemba 2001 abiria mmoja alijaribu kulipua ndege iliyokuwa ikitoka Paris kwenda Miami kwa kilipuzi alichoficha viatuni. Unaambiwa vimiminika visizidi mililita 100 kwa chupa kwa sababu Agosti 2006 polisi wa Uingereza walivunja njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya majimaji. Na mashine za kutazama mwili mzima zilienea baada ya Krismasi ya 2009, pale abiria wa ndege ya Amsterdam kwenda Detroit alipoficha kilipuzi ndani ya nguo ya ndani.

Sisi nasi tuna tukio letu. Asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2002, hoteli ya Paradise kule Kikambala ilishambuliwa kwa gari la mabomu, wakafa watu 13, wengi wao Wakenya, mbali na washambuliaji wenyewe. Karibu saa hiyo hiyo makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya Arkia, shirika la Israeli, iliyokuwa ndiyo kwanza inaruka kutoka uwanja wa Moi. Yakaikosa. Mtu mzima wa Mombasa anayeikumbuka siku ile hana haja ya kuhubiriwa umuhimu wa ulinzi. Ila makombora yale yalirushwa kutoka nje ya uwanja. Hakuna abiria ambaye angevuliwa mshipi yakapatikana. Februari 2016 ndege ya shirika la Daallo iliyotoka Mogadishu ilitobolewa ubavuni na bomu lililofichwa ndani ya kompyuta ya mkononi, na picha za kamera zikaonyesha anayeshukiwa akikabidhiwa mzigo uwanjani na watu wawili, mmoja amevaa kizibao cha wafanyakazi. Nayataja haya kwa sababu mara nyingi mtu akilalamikia upekuzi uliopita kiasi, hujibiwa kwa neno moja: usalama. Ni jibu zito, lakini halijatimia mpaka lionyeshe kwamba upekuzi ule wenyewe, kwa namna ile ile, ungeweza kugundua hatari fulani. Usipoweza, basi msafiri amevunjiwa heshima bure.

Tuangalie mashine zenyewe, maana hofu nyingi huisha mtu akijua kila moja inaona nini. Ule mlango unaopita ukisikilizia kama utalia hauoni chochote. Hupima tu mabadiliko ya uga wa sumaku yanayoletwa na chuma au madini mengine. Bangili za dhahabu zaweza kuufanya ulie, hina haiwezi.

Eksirei ya mizigo ndiyo inayoingia ndani ya maisha ya mtu. Chukua begi la mama anayekwenda kumtembelea bintiye Dubai. Mna leso kadhaa, kilo mbili za halwa, mabuyu, chupa ya achari ya maembe na pakiti ya dawa za sukari. Kwenye kioo cha askari vitu vya asili ya mimea na wanyama, pamoja na plastiki, huonekana vya rangi ya chungwa. Chuma huwa buluu. Kijani ni vitu vilivyo katikati. Halwa ni nzito, imeshikana, na pale kwenye kioo ni bonge la chungwa tupu. Vilipuzi vingi navyo huonekana hivyo hivyo. Mashine haijui iliki wala zafarani. Basi begi linawekwa kando, na mama anaitwa.

Hapo ndipo faragha hupimwa. Askari mmoja atavaa glavu, atamwambia, "Mama, naomba nifungue begi lako, nimeona kitu kizito hapa chini," ataitoa halwa, ataitazama, atairudisha na kufunga zipu. Achari kama imezidi kipimo atamweleza kwamba haiwezi kupanda naye. Mwingine atamwaga kila kitu juu ya meza, nguo za ndani zikiwa juu, ashike pakiti ya dawa na kuuliza kwa sauti, "Hizi za ugonjwa gani?" Wote wawili wamekagua. Wa kwanza ametafuta kile ambacho mashine ilimwonyesha. Wa pili amefungua maisha ya mtu mbele ya wageni, na usalama wa ndege haukuongezeka hata kidogo.

Mashine za mwili mzima zilizua ubishi mkubwa zaidi duniani. Zile za mwanzo zilitoa picha iliyoonyesha umbo la mwili chini ya nguo, na hata askari anayeitazama alipowekwa chumba cha mbali, watu wengi hawakuridhika. Marekani, Bunge lilitaka programu ibadilishwe, na mashine za eksirei ya mwili ambazo hazikuweza kutimiza sharti hilo ziliondolewa viwanjani kufikia 2013. Zilizobaki hutumia mawimbi ya redio mafupi sana, na kioo huonyesha mchoro mmoja wa mtu asiye na sura, ule ule kwa kila abiria, pamoja na kisanduku mahali penye kitu cha kutiliwa shaka. Kisa hiki kina faida kwetu, kwani kilithibitisha kwamba yawezekana kutafuta hatari bila kutazama uchi wa mtu. Malalamiko ya wasafiri ndiyo yaliyoleta mabadiliko hayo.

Mkono ni jambo jingine. Watu wengi huvumilia mashine kuliko kupapaswa, na Pwani hili lina uzito wa dini na wa malezi. Kwa mwanamke anayejisitiri kwa buibui na nikabu, kuguswa na askari wa kiume au kufunua uso penye watu si usumbufu mdogo wa safari. Ni kuvunjiwa sitara. Desturi inayofuatwa sana viwanjani ni mwanamke akaguliwe na mwanamke, na mwanamume na mwanamume. Uso kulinganishwa na picha ya pasipoti ni lazima, lakini si lazima kufanyike mbele ya foleni. Ombi fupi latosha: "Dada, naomba nikaguliwe na mwanamke, pembeni." Haya hayawahusu wanawake wa Kiislamu peke yao. Yupo aliyekatwa titi kwa saratani, yupo mwenye mguu wa bandia, yupo mzee mwenye mfuko wa mkojo chini ya kanzu.

Mbwa wa Miritini nao wana mjadala wao. Wengi wa Waislamu wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito inayooshwa mara saba, moja kwa udongo. Pua kavu ikipita juu ya begi kavu haileti najisi, lakini si kila msafiri anajua hivyo, na si kila mbwa ana pua kavu. Kuwaacha watu wafunike begi lenye nguo za kuswalia si kulegeza ulinzi.

Wapo wanaosema, "Mimi sina cha kuficha, nikague utakavyo." Nawaelewa, ni kauli ya mtu safi. Ila mtu humvulia daktari nguo kwa sababu ya ugonjwa, na hamvulii karani anayeandika jina lake mlangoni, ingawa karani naye hatamkuta na kosa lolote.

Na lipo lalamiko chungu zaidi, linalosikika sana kwa vijana wa Kiislamu na kwa Wakenya wenye asili ya Kisomali, kwamba jina, ndevu au mavazi ndiyo yanayomchagua mtu awekwe kando. Msafiri anayeona kila mtu anavua viatu havunjiki moyo kuvua vyake. Anayeona foleni nzima imepita na yeye peke yake ameitwa, safari baada ya safari, hujifunza kwamba anatazamwa kwa alivyozaliwa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinakataza ubaguzi, na kinataja dini, asili ya kabila na hata mavazi kwa majina.

Faragha yenyewe imo katika Kifungu cha 31. Kinamlinda mtu dhidi ya kupekuliwa mwili, nyumba au mali yake, dhidi ya kunyang'anywa mali, dhidi ya kutakiwa habari za familia au mambo yake binafsi pasipo ulazima, na dhidi ya mawasiliano yake kuingiliwa. Haki hii yaweza kupunguzwa, ndiyo maana ukaguzi wa uwanjani ni halali, lakini Kifungu cha 24 kinataka upunguzaji uwe kwa sheria na uwe na kiasi kinachokubalika kwa lengo lake. Kwa hiyo kuambiwa uwashe simu ili ionekane ni simu kweli ni sehemu ya kutafuta hatari. Kusomewa jumbe zako ni jambo la namna nyingine kabisa, na linahitaji mamlaka nyingine ya kisheria. Ukifika nchi ya watu, sheria ni zao. Marekani, kwa mfano, maofisa wa mpakani hudai uwezo wa kupekua simu za wanaoingia.

Alama za vidole na picha ya uso zinazochukuliwa mipakani ni habari nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Anayezichukua anapaswa kueleza ni za kazi gani na asizitumie kwa jingine, ingawa sheria hiyo imeacha mlango kwa mambo ya usalama wa taifa. Malalamiko kuhusu habari zako hupelekwa kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Ukiwa umepekuliwa kwa njia ya kukudhalilisha, muulize askari jina lake kwa upole, andika saa na mahali, kisha umwone msimamizi wa zamu hapo hapo kabla hujapanda. Usipopata jibu, peleka barua kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege au kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Usibishane na anayekushikia begi huku mlango wa ndege ukifungwa. Lalamiko lenye jina, saa na mahali linafuatilika hata wiki moja baadaye.